Damu Zetu Haziendani

"Nimefunga, nimeomba, nimepata majibu. Mungu hajaridhia ndoa yetu. Nisamehe mpenzi, tusishindane naye."

Meseji hiyo ya mchumba wake ilimkuta binti wa maabara jikoni kwao, mikono imejaa povu, harusi ikiwa mlangoni. Aliisoma, akarudi kusugua sufuria. Huyu hajawahi kuwasha hadubini asubuhi bila kusali kwanza. Leo abishane na Mungu kwa ajili ya fundi spika wa kanisani? Akalia kimyakimya, machozi yakasaidia kusuuza sahani.

Baba yake, mchungaji, akaingia na kitambaa. Ndio utaratibu wao: binti anaosha, baba anakausha, na hapo hujadili kila kitu, kuanzia umri wa nyota hadi kwa nini Ayubu aliteswa vile.

— Pole, mama. Fundi ameshaniambia. Damu ni damu, hatuwezi kuibadilisha.

— Damu gani, baba?

Mzee akaeleza. Kijana alimfuata ofisini, akalia mpaka kamasi. Eti amepima hospitali, damu zao haziendani, wakizaa watakuwa wanazika tu. Mchungaji akaona sayansi ikishasema, yeye nani abishe.

Sponji ikamponyoka binti.

— Mimi kaniambia aliyekataa ni Mungu. Nikaona Mungu akishasema, mimi nani nibishe.

Wakatazamana. Kumbe mchungaji kaletewa maabara, wa maabara kaletewa Mungu! Kijana aliamini hao wawili hawasalimiani. Hakujua wanaosha vyombo pamoja.

— Tulipochumbiana nilimpima kwa mikono yangu, binti akasema. Hana tatizo, labda kuzimia akiona sindano.

Akapiga simu, akaiweka spika. Fundi spika naye akaingia kwenye spika bila kujua.

— Nimepata ujumbe wako. Nimwambie baba?

— Usithubutu. Watu wa dini wakisikia maono wanataka kuyapima.

Mchungaji akatikisa kichwa kukubali. Ni kweli, huwa wanapima.

— Na gauni langu nilifanyeje?

Kabla hajajibu, sauti ya kike ikapenya kwa nyuma, ya mtu aliyejiegemeza pazuri.

— Nani huyo, mpenzi? Kama ni fundi cherehani, mwambie gauni limenikaa, ila linabana kiunoni.

Sauti hiyo mchungaji aliijua tangu kilio chake cha kwanza duniani. Kitinda mimba wake, aliyeaga mchana kwamba anakwenda kumchukulia dada yake gauni la harusi.

Mzee akaweka kitambaa chini, akainamia simu.

— Fundi, ni mimi. Jumapili njoo useme kwenye hiyo maikrofoni unayoifunga mwenyewe: aliyekataa ni Mungu, au maabara? Ukisema Mungu, nitapima mimi. Ukisema maabara, atapima huyu.

Simu ikakatwa.

Jumapili spika zilikoroma ibada nzima. Fundi hakuonekana.

Jumatatu kulipokucha, binti wa maabara alifungua dirisha la kupokelea wagonjwa, akamkuta mdogo wake amesimama mbele ya foleni, mtandio umemfunika hadi machoni.

— Dada, nipime. Sijaona siku zangu.

— Mwenye mzigo hakuja?

— Hapokei simu. Nimeenda kwake, nimekuta kufuli.

Dada mtu hakutukana. Alipokea kikopo cha mkojo, akafumba macho, akasali kama kawaida yake, ila leo alikawia. Halafu akachovya kipimo. Wakasubiri, huku kioo cha dirisha kikiwatenganisha, foleni ikikohoa nyuma.

— Umeniombea nini? mdogo mtu akanong'ona.

— Nimeomba utoke mstari mmoja.

— Na umetoka?

— Imetoka miwili.

— Kwa hiyo Mungu hakusikii?

— Ananisikia sana. Ila hajawahi kunibadilishia kipimo hata siku moja, ndiyo maana nikiongea naye namwamini. Fundi wako ndiye mwenye Mungu wa kubadilika.

Mdogo mtu akaanza kulia, akapitisha mkono dirishani kumtafuta dada yake. Dada akaushika mkono ule kwa upole kabisa, akauwekea karatasi ya majibu, akaurudisha nje.

— Gauni usilirudishe. Mwambie fundi cherehani alegeze kiuno.

Akavua glovu, akavaa nyingine.

— Anayefuata.