Ukuta Unaohesabu Macho

Gari lisilo na dereva lilipokaribia, ukuta wa Barabara ya Mkonge uliamka. Rangi hai ilijisogeza yenyewe juu ya zege: wakata mkonge wakainua mapanga, reli ikajitandaza, na historia ya mji ikaenda sambamba na abiria kilomita tatu nzima. Wageni walipiga makofi. Mhandisi Nakijwa, mtunzaji wa roboti wachoraji wa ukuta huo, hakupiga. Alikuwa akimtazama bibi yake akififia.

Bibi Nanzia, mama wa mama yake, ndiye aliyeongoza mgomo wa wakata mkonge. Picha yake pekee, ya kwenye kipande cha kazi, kadi ya kibarua, ilishaliwa na mchwa. Iliyobaki ni hii ya ukutani, na kinachofutwa ukutani hakirudi. Mwezi uliopita alionekana hadi mikunjo ya kanga; sasa amebaki kivuli. Pembeni yake, nyapara aliyewachapa watu viboko alikuwa amenenepa kama kupe.

Na nyapara huyo alikuwa babu wa Semboja, msimamizi wa ukuta! Kikulacho ki nguoni mwako, Nakijwa alijiambia. Wiki nzima alimvizia: kwa nini anafunga mlango, anacheka na nani, vidole vyake vinabonyeza nini. Mwisho uvumilivu ukamshinda.

"Bosi, nani anamfuta bibi yangu?"

"Unanishuku mimi?"

"Nakushuku, ndiyo."

Semboja hakukasirika. Alimfungulia daftari la mashine. "Soma mwenyewe. Wanangu wanapita hapa wakienda shule, na kila siku babu yao anazidi kukua. Unadhani napenda?"

Nakijwa akasoma. Ndani ya rangi mlikuwa na jicho-hesabu, maelfu ya vioo vidogo kuliko punje ya mchanga, vinavyohesabu macho ya watazamaji. Sura inayotazamwa sana hukua. Isiyotazamwa hufifia, na ikipita siku arobaini bila mtu kuitazama usoni dakika nzima, hufutwa. Macho ya watumishi wa ukuta hayahesabiwi. Mbele ya nyapara watu walisimama, wakamkodolea, wakasonya. Mbele ya Bibi Nanzia wazee walivua kofia na kuinamisha macho, na vijana wakawaiga.

"Mashine haijui adabu," Semboja alisema. "Imedhani hamumjali. Na leo ni ya arobaini. Imebaki saa moja."

"Nisamehe, kaka," Nakijwa alisema kwa aibu. Barabara ilikuwa tupu saa hiyo; akakimbilia nyumba ya karibu, ya baba yake, Mzee Mrutu.

Mzee alikataa katakata. "Mama mkwe hakodolewi macho, mwanangu. Miaka thelathini nilimwamkia nikitazama miguu yake."

"Baba, ukimheshimu hivyo leo, kesho hayupo."

Mzee akavaa kofia. Kisha akaomba fimbo yake.

Mbele ya ukuta alivua kofia, na kwa mazoea macho yakashuka. Nakijwa alitaka kulia. Zilikuwa zimebaki dakika tatu.

"Shikamoo mama," mzee alisema. "Unisamehe."

Akainua macho. Rangi ikaanza kujikusanya: paji la uso, mashavu, kidevu chenye ukaidi. Machozi yalimtiririka mzee, lakini hakuyafuta, asije akakatiza dakika yake.

"Nakijwa," akanong'ona bila kugeuka, "kumbe umefanana na huyu! Miaka yote nawaambia watu umefanana na mama yangu."