Mashairi Matano ya Shamso

Asubuhi hiyo ya mwaka 1999, Shamso alikamua mbuzi wake kama kawaida, nyumbani kwake Waberi, Garissa. Kesho yake angepelekwa Nairobi kufanyiwa upasuaji wa koo. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba hatazungumza tena.

Shamso alitunga buraanbur, mashairi ya wanawake wa Kisomali. Alikuwa nayo matano, yote kichwani. Binti yake Kaaha alitaka kuyarekodi kwa kinasa sauti kidogo kisichotumia kanda. Jamaa wa ng'ambo ndiye aliyewaletea.

Shairi la kwanza lilimlilia marehemu mumewe. Lilichukua dakika kumi na moja. La pili lilichukua tano. Mashine ikalia.

"Imejaa," Kaaha alisema. "Ngoja niite fundi."

Alipotoka, kaka yake Yahye alicheka. "Fundi ya nini? Ndugu wa ng'ambo wakitutumia barua ya sauti kwenye kanda, tukishasikia, si tunarekodi jibu juu yake? Hii ya kwanza tumesikia."

Akalifuta shairi la kwanza. Ujuaji wake ulimponza.

Kaaha alirudi na Silas, jirani anayetengeneza redio. Silas aliposikia, alishika kichwa.

"Mngenisubiri! Angalieni swichi hii ubavuni. Ukiisogeza, mashine inaibana sauti. Inaondoa yale ambayo sikio haliyahitaji sana, inabakiza maneno. Uzuri wa sauti unapungua kidogo, lakini nafasi ya dakika moja inabeba dakika mbili."

"Kwa hivyo dakika kumi na sita inakuwa thelathini na mbili?" Kaaha aliuliza.

"Ndiyo. Lakini isogeze kabla ya kurekodi. Swichi hii haibani kilichorekodiwa tayari. Na kwa mashine hii, kilichofutwa hakirudi."

Kaaha akaisogeza swichi. Shamso akasema mashairi matatu yaliyobaki. Yote yakaingia, na nafasi bado ilikuwepo.

"Hooyo, rudia ile ya baba," Yahye alimwomba mama yake.

Shamso alijaribu. Ilitoka pumzi tu, kisha kikohozi. Yahye akalia mbele ya watu wote.

Wiki tatu baadaye Shamso alirudi bila sauti. Kaaha alimwekea kinasa sauti mapajani. Kila neno lilisikika, na majirani waliokuja kumjulia hali walimshukuru Mungu. Shamso alinyoosha vidole vya mkono mmoja. Kila shairi lilipokwisha, alikunja kidole kimoja.

Mashine ikanyamaza. Kidole kimoja kilikuwa bado kimenyooka. Shamso akamgeukia Yahye, akangoja.