Kafi la Kila Jumamosi

Upepo uliwashukia kutoka milima ya Ukinga bila hata kupiga hodi. Sasa hivi ziwa limelala, mara mawimbi yanaingia mtumbwini. Wimbi la kwanza lilizoa ndoano. La pili likaondoka na kafi moja.

"Inameni!" Gideoni alipiga kelele. "Tusekile, mshike mwenzio! Asisimame mtu!"

Walikuwa wanne. Gideoni, mvuvi wa kabila la Wakisi, wa miaka ishirini na miwili, kila Jumamosi aliwachukua watoto wenye maradhi mazito wa hospitali ya misheni akawapeleka majini kidogo wakavue. Hakulipwa, hakutumwa. Tusekile, miaka kumi na moja, ini lilimvimbisha tumbo lakini mdomo haukuugua. Anyitike, miaka minane, moyo mbovu. Na Yotamu, baba yake Anyitike, ambaye muuguzi Maria alimlazimisha kwenda: "Mtoto wa moyo haendi ziwani bila mzazi."

Gideoni alikuwa amekubali huku ameuma meno. Miaka miwili nyuma, mdogo wake Rut alipowaka homa, mtumbwi mkubwa pale kijijini Ikombe ulikuwa wa Yotamu, na siku hiyo umejaa vyungu vya kupeleka bandarini Itungi. Baba yao alipiga magoti mchangani. Yotamu akasema, "Nikivishusha vitavunjika." Akaondoka na vyungu vyake. Rut alifia njiani kwenda hospitali, mgongoni kwa Gideoni. Alikuwa hajawahi kuvua samaki aina ya mbasa hata mmoja, na alikuwa ameomba sana.

Sasa Yotamu alikaa mbele, anakomba maji kwa chungu cha chambo. Mara tatu Gideoni aliutazama mgongo ule. Msukumo mmoja tu, basi. Kila mara alikuta macho ya Tusekile yanamwangalia.

Upepo ulipokoma, nchi kavu haikuonekana. Ukungu ulikuwa umekula milima. Meli ya serikali ya Waingereza ilishaondoka Itungi juzi. Hakuna wa kuwapitia. Maji ya kunywa yalikuwepo tele, ila Anyitike alitetemeka, midomo imekuwa ya bluu.

"Ulivua jani asubuhi," Tusekile alimwambia, amemkumbatia. "Usife kabla hujavua samaki, utanitia aibu wodini."

"Lilikuwa… jani kubwa," Anyitike alisema.

Ndipo Gideoni akaona moshi. Ulisimama juu ya maji, mweusi, mnene. Jumamosi wanawake wa Ikombe huchoma vyungu kwa nyasi; kila mvuvi hurudi kwa moshi ule. Akageuza mtumbwi.

"Siyo moshi," Yotamu alisema. "Ni kungu."

"Nani kakuuliza?"

"Angalia, unajizungusha. Halafu hauna harufu. Wale ni wadudu wa kungu, bwana."

"Wewe ujuzi wako ni vyungu. Nyamaza ukombe maji."

Hata yeye aliona jinsi ule moshi unavyojipinda. Lakini angekubali vipi, kwa mdomo ule? Akapiga kafi kwa hasira, mpaka viganja vikachubuka, na jua likasogea magharibi.

Walipoufikia, moshi ukawaingia puani. Vidudu vidogo vya ziwa, mamilioni, machoni, kooni. Yotamu alivua shati, akalichovya majini, akawafunika watoto. Anyitike alikohoa, akakohoa tena, kisha akalegea.

"Kaka Gideoni!" Tusekile alilia. "Hapumui vizuri! Umetuleta wapi?"

Gideoni alitema wadudu. Hilo swali lilimchoma kuliko viganja. Alikuwa na chuki kwa mtu mmoja, na sasa mtoto ndiye anayeilipia, kama Rut alivyolipia vyungu.

"Wapi?" alimuuliza Yotamu.

Yotamu hakumcheka. Aliinua uso, akanusa upepo mwepesi uliotoka kushoto. "Nyasi zinaungua. Kule."

Walipokezana kafi lile moja. Gideoni akichoka, Yotamu anashika. Mwingine anakomba maji. Damu ya mmoja ilibaki kwenye mpini, kiganja cha mwingine kikaishika. Harufu ilipopotea walisimamisha mtumbwi mpaka irudi.

Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja walipogusa mchanga wa Ikombe. Wanawake waliacha vyungu vya moto wakakimbilia majini. Mama Damari, mfinyanzi, alimlaza Anyitike karibu na majivu, akamsugua kifua. Muda ulipita. Kisha mtoto akafungua jicho moja.

"Samaki wangu yuko wapi?"

Watu walicheka huku wanalia. Yotamu alipiga magoti mbele ya Gideoni, mchangani palepale alipopiga magoti baba yake Gideoni.

"Ndaga fijo, asante sana, mdogo wangu. Ndaga fijo. Nisamehe habari ya Rut."

Gideoni alimtazama hadi Yotamu akainamisha kichwa.

"Sikusamehi," alisema. "Jumamosi ijayo uje na mtumbwi wako mkubwa, bila hata chungu kimoja. Utashika kafi, watoto watavua. Na Jumamosi inayofuata. Mpaka niseme basi."

Yotamu alikuja. Mvua, jua, alikuja. Anyitike alipopata mbasa wake wa kwanza, baba yake ndiye aliyekuwa kwenye kafi. Miaka ilipita, nywele za Yotamu zikawa nyeupe, watoto wengine wakapanda, wengine hawakurudi tena.

Gideoni hakusema basi.