Kona ya Nyuma ya Stoo

Wewe unayesoma, usijifanye hujui. Umewahi kumwona mwenzako akielekea pabaya, ukainama ukajidai unafunga kamba za viatu. Ukajisemea, "Mimi yananihusu nini?" Msichana wa hadithi hii naye alijisemea hivyo hivyo, tena mchana kweupe, macho yake yote mawili yakiona vizuri.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwa ulimi wake mkali, nyumba nzima ilimwita Pilipili. Kila Jumamosi asubuhi alifagia ua, akaosha vyombo, kisha akaokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, maana mama alikuwa fundi wa nguo na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake. Kazi hizo alizifanya akiimba. Lakini tangu binti wa mama mkubwa alipokuja kukaa nao, nyimbo zilikwisha.

"Mwite dada yako aje anywe chai," mama alisema Jumamosi hiyo.

"Si dada yangu. Ni mtoto wa mama mkubwa."

"Mtoto wa mama mkubwa ndiye dada yako. Nenda kamwite kabla sijakushonea huo mdomo."

Huyo dada alimzidi Pilipili mwaka mmoja tu. Aliitwa Futi, kwa sababu hakuwa na amani mpaka apime kitu: meza, dirisha, hata urefu wa paka wa jirani. Mjomba wao, kaka wa mama zao, alikuwa mpimaji wa barabara, na tabia hiyo ilimfurahisha mno. Wiki ile alimpa Futi futi yake ya chuma, ile ile ambayo Pilipili aliiomba mwaka juzi akaambiwa, "Utajikata vidole." Tangu hapo Pilipili alikuwa na donge kooni lisiloshuka kwa chai wala kwa maji.

Mjomba alikuwa anasafiri kwenda kazini ng'ambo kwa miezi sita. Pikipiki yake kubwa ya safari za mbali, yenye kioo cha kuzuia upepo na masanduku mawili ubavuni, alitaka kuiacha ndani ya stoo ya dada yake. Pikipiki ilikuwa pana kama ng'ombe mwenye mimba. Stoo ilikuwa nyembamba kama kisanduku cha viberiti.

"Haiingii," Pilipili alisema.

"Inaingia," Futi alisema, huku ameshapiga magoti na futi yake. "Mlango ni sentimita tisini. Masanduku yanafika mia moja na tano, kwa hiyo tunayavua. Usukani pamoja na vioo ni tisini na nane. Tukivitoa vioo, themanini na nne. Mjomba, tuiingize kinyumenyume, gurudumu la nyuma likae kwenye kona ile ya mwisho. Siku ya kuitoa itatoka kwa mbele, bila kugeuzwa."

Mjomba alipiga makofi. "Umesikia, dada? Huyu ndiye atakayerithi kazi yangu! Ikiingia salama, Jumapili ya wiki ijayo, kabla sijasafiri, nitaitoa tena kwa saa moja, nimzungushe Futi mji mzima."

"Na mimi?" Pilipili aliuliza.

"Wewe nawe, tutaona."

Tutaona! Miaka yote ni Pilipili aliyekuwa akipandishwa nyuma ya mjomba. Sasa amekuwa mtu wa tutaona.

Hapo ndipo inapoingia habari ya ile kona ya mwisho. Zamani kidogo bomba la maji lilipasuka chini ya stoo. Msimamizi wa nyumba akaleta watu, wakachimba, wakaziba bomba, wakatandika zulia la plastiki, wakamwambia mama, "Tumemaliza." Mama aliamini, akalipa kodi yake kama kawaida. Lakini hawakuwa wamefukia kitu. Walilaza mbao juu ya shimo, wakafunika kwa zulia, wakaenda zao. Pilipili aliyajua hayo. Siku moja alijificha humo asioshe vyombo, akahisi sakafu ya kona inabonyea. Akafunua, akaona mbao zilizooza, na chini yake giza. Hakumwambia mtu, kwa kuwa stoo alikuwa amekatazwa kuingia.

Mjomba alianza kuirudisha pikipiki nyuma taratibu, mkono mmoja kwenye breki, jasho likimtoka. Futi alitangulia ndani, akabana mgongo kwenye ukuta, hatua moja kutoka kwenye kona.

"Njoo, mjomba. Njoo. Kushoto kidogo."

"Nakutegemea wewe, Futi!"

Pilipili alikuwa amesimama mlangoni na vile vioo viwili mikononi. Aliiona kona. Aliliona gurudumu. Alifungua kinywa. Kisha akaisikia tena ile sauti, "Nakutegemea wewe, Futi," na donge likapanda. Liingie kidogo tu, alijisemea. Likwame, aaibike, basi. Akafunga kinywa.

"Njoo tena, mjomba. Nusu hatua..."

Mbao zilivunjika kwa mlio mkubwa. Gurudumu likazama, na kilo karibu mia tatu zikalala upande wa Futi. Alipiga ukelele mmoja, kisha sauti ikakatika. Mguu wake ulikuwa umebanwa kati ya chuma na ukuta. Mjomba alining'inia kwenye usukani, mishipa ya shingo imemsimama.

"Siwezi kuiachia! Nikiiachia inamvunja! Iteni mtu!"

Pilipili alitupa vioo, akakimbia pekupeku hadi kwa fundi viti, jirani wa ukuta mmoja, akimwita kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. Fundi viti akaja na mwanafunzi wake, mama akaja na sindano bado ipo mdomoni. Wanne wakainua, Pilipili akamvuta Futi kwa makwapa.

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Muuguzi aliupapasa mguu, akaufunga bandeji, akasema mfupa haukuvunjika, ila kwa wiki mbili asiukanyagie.

"Ungekuwa na bahati mbaya kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine," alisema.

Walipokuwa kwenye benchi, Futi alianza kulia. Hakulilia maumivu.

"Mjomba, nisamehe. Nilipima mlango, nilipima ukuta, sikupima sakafu. Mimi si mpimaji wa kitu."

Mjomba alitazama mikono yake iliyochubuka. Hakusema, "Si kosa lako." Na Pilipili akaona kwamba kile alichokitaka tangu asubuhi kimepatikana chote. Futi ameaibika. Mjomba amevunjika moyo. Ilitosha yeye kuendelea kukaa kimya, na nafasi yake ya zamani ingerudi yenyewe.

Aliinuka.

"Si yeye. Mimi nilijua kuna shimo. Nilijua tangu zamani. Leo nililiona gurudumu linakwenda pale, nikanyamaza kwa makusudi, kwa sababu mnampenda yeye."

Mama alishika kichwa. "Makusudi? Mwanangu, makusudi?"

"Nilifikiri litakwama tu, mama."

Mjomba alimgeukia Pilipili. "Jumapili hiyo hakuna anayepanda," alisema. "Futi kwa sababu ya mguu. Wewe kwa sababu ya mdomo. Kesho asubuhi nakutaka uani na karai."

Wakafanya kazi siku mbili. Waling'oa mbao, Pilipili akabeba kokoto karai baada ya karai mpaka mabega yakawaka moto, mjomba akashindilia, fundi viti akasaidia kumwaga zege. Futi aliketi kwenye kiti mlangoni, mguu juu ya ndoo, akitoa amri: "Bado haijalingana. Ongeza kulia." Na Pilipili, nakuambia ukweli, alisikia tena wivu ukimchoma. Lakini aliongeza kulia.

Mama naye alivaa viatu vyake vya kutokea, akaenda kwa msimamizi wa nyumba, akasimama mlangoni pake mpaka msimamizi huyo akakubali kukagua vyumba vyote alivyokuwa amesema vimekwisha kukarabatiwa.

Zege lilipokauka, Ijumaa, pikipiki iliingia kwenye kona yake, pakabaki nafasi ya kupitisha mkono tu. Mjomba alifunga mlango, akawaita wote wawili.

"Wivu utakuja," alimwambia Pilipili. "Hata mimi huwa unanijia, na nina mvi. Huo huwezi kuuzuia. Lakini usiukabidhi ulimi wako. Anayejua hatari akanyamaza, huyo ameshaisukuma pikipiki kwa mikono yake mwenyewe. Msimamizi alificha shimo, nawe ukamfichia. Tofauti yenu ni kwamba wewe ulisema mwishowe, na ulisema bila kulazimishwa."

Kisha akamgeukia Futi. "Una la kumwambia mdogo wako?"

"Ninalo," Futi alisema. "Bado nimekukasirikia. Lakini nisaidie kufika jikoni."

Pilipili akampa bega, wakaondoka wakichechemea.

Na wewe, hapo ulipo, kuna jambo la hatari unalolijua na hujamwambia mtu: waya uliochunika darasani, kisima kisicho na mfuniko, ngazi iliyolegea, mwenzako anayeumizwa. Usingoje kumaliza kusoma. Funga kitabu, simama, nenda kwa mtu mzima wa kwanza unayemwamini ukamwambie. Asiposikia, nenda kwa wa pili. Nenda sasa hivi.