Nyasi za Kituo

Kila asubuhi kabla ya shule, Zeinabu alimfuata mbuzi wao wa maziwa kwenye jaa la Makina, huko Kibera, na kila asubuhi alimkuta akitafuna kitu cha kutia kinyaa. Siku hiyo ilikuwa nepi ya mtoto, imelowa na kujaa nzi. Aliivuta kwa vidole viwili, akaitupa mbali.

"Zeinabu, niaje," jirani yake Sumaya alimwita kutoka mlangoni. "Leo chai yenu iko na maziwa ya pampasi?"

Zeinabu alimvuta mbuzi, akapita. Wiki nzima chai ya kwao ilikuwa imemshinda kunywa.

Likizo ilipofika alifuatana na mama yake kazini, kwenye kituo cha utafiti mbele ya Kawangware. Mama alikuwa kibarua wa kukata nyasi za majaribio zilizooteshwa katika nyumba ya vioo. Mtafiti, Daktari Kaveke, alimweleza Zeinabu kwamba nyasi hizo zilibadilishwa jeni ili ziwe na protini nyingi, mifugo wanenepe na watoe maziwa mengi. Lakini usalama wake ulikuwa bado haujathibitishwa, kwa hiyo zilipimwa uzito zikikatwa, zikapimwa tena kabla ya kuchomwa, ili zisitoke nje ya kituo.

Zeinabu alisikia protini na maziwa tu. Mama alipompa kisogo, alishindilia fungu zima mkobani.

Jioni nyasi zilipopimwa tena, kilo moja haikuonekana. Msimamizi, Bwana Wabwire, alimwangalia mama kama uchafu, akasema watu wa Kibera wataiba hata majani, na kesho asirudi. Mama alianza kuvua ovaroli.

Zeinabu alijiona mchafu kuliko ile nepi. Akafungua mkoba.

"Ni mimi. Mama hajui. Nilitaka kumlisha mbuzi wetu, anakula uchafu wa jaani."

Nyasi zilipimwa, zikatimia. Daktari Kaveke alimtaka Wabwire amwombe mama radhi, naye akaomba, macho chini. Kisha daktari akamwambia Zeinabu amfunge mbuzi nyumbani na awaombe wauza viazi vitamu marando wanayotupa. Hayo yana protini na yanajulikana kuwa salama.

"Ulimhurumia mbuzi, ukataka kumlisha kitu ambacho hata mimi sijui kitamfanya nini," alisema. "Na ungenyamaza, ningeandika vipimo vya uongo kitabuni, wakulima wakaviamini, watoto wakanywa maziwa ya nyasi hizo. Huo ni uchafu mbaya kuliko wa jaani. Ukikosea, sema mapema." Akamgeukia mama. "Kesho saa mbili, Mama Zeinabu, kama kawaida."

Mama akafunga tena vifungo vya ovaroli, kimoja kimoja.