Picha Iliyokosa Fremu

Mdogo wangu Anaclet ni fundi wa kuchora, na kichwa chake ni kigumu kama kisiki. Bukavu alikuwa anachora mabango ya vinyozi na sura za marehemu. Tulipofika Brussels aliosha vyombo mikahawani miaka miwili, mpaka mwaka wa tisini na sita, maman Gilberte alipomwokota.

Maman Gilberte ni Mbelgiji mzee aliyefundisha Kivu ujana wake wote. Kiswahili chetu anakisema kuliko watoto wetu wa hapa, na hilo linaniudhi. Alikuwa na rafiki, mchoraji Mrusi, aliyekufa akaacha kitabu cha hadithi za kwao kimepungukiwa na picha moja: msitu wa miti myeupe, kijumba kilichosimama juu ya miguu ya kuku, bibi mchawi dirishani, na msichana anayekwenda kuomba chumvi. Picha hiyo alitaka Anaclet aichore.

"Anza na cadre," alimwambia Anaclet, mimi nikiwa nimekaa palepale sebuleni kwake Auderghem. Alituonyesha picha za yule marehemu. Kila moja ilikuwa na cadre yake, fremu pana ya maua na ndege, imefungwa pembe zote nne. "Mwenzangu hakuweka hata siku moja muntu kwa karatasi bila kufunga cadre kwanza. Ile ni lupango ya picha, ukuta ya kuizunguka. Bila lupango, ya ndani inatoka, na ya inje inaingia."

"Ndiyo, maman," Anaclet akaitika, huku ananikonyeza.

Kwenye tramu akacheka. "Yaya," akaniambia mimi dada yake mkubwa, "mimi ninaanzaka na sura. Sura ikikataa, maua inasaidia nini? Zéro!" Ndivyo alivyofundishwa: kinyozi analipia kichwa, mapambo yanakuja mwisho. Bon. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili, baada ya misa, nilikuwa kwao Berchem-Sainte-Agathe, jikoni na mke wake Antoinette, tunachambua maharagwe. Sebuleni, Anaclet alimkalisha binti yao Gracieuse kwenye kiti ili achukue sura yake kwa ajili ya yule msichana. Mtoto alikuwa na miaka sita, na hakuwa na mwingine nyuma yake. Nilichungulia: msitu tayari, bibi tayari, mlango wa kijumba umefungwa, uso wa Gracieuse unacheka katikati ya miti. Pembeni, karatasi tupu. Fremu hakuna.

"Papa, ule bibi ananiita," mtoto akasema.

"Usitikisike."

"Anasema nikuye kwake."

Sisi jikoni tukacheka. Mungu atusamehe kicheko kile.

Anaclet alikwenda bafuni kuosha brashi. Dakika mbili. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu.

Tukamwita. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa Antoinette. Tulitafuta chini ya kitanda. Kabatini. Kwenye balcony. Saa tisa mchana, jua limejaa nyumba nzima. Halafu nikasikia harufu ya moshi wa kuni, na ghorofa ile haina jiko la kuni.

Nikaitazama meza. Kwenye karatasi, mlango wa kijumba ulikuwa wazi.

"Cadre!" Anaclet akapiga kelele. Alishika brashi. Hakuchora ua wala ndege. Mstari mweusi tu, mnene. Kona moja. Mbili. Tatu. Ya nne ilipofunga, sauti ikatoka nyuma yetu.

"Niko hapa, papa."

Tulilia, jamani! Tulimshukuru Bikira Maria kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Antoinette alimkumbatia mtoto, akambusu, akambusu tena. Halafu akamwachia taratibu.

"Rolande," akaninong'oneza. "Mutoto iko baridi."

Jioni ile nilimpigia simu maman Gilberte, nikamweleza yote. Kisha akauliza swali moja: "Mbele ya kufunga, aliangalia kwanza nani iko ndani?"

Nikamgeukia Anaclet, nikamuuliza. Hakuwa ameangalia.

Miaka mitatu imepita. Gracieuse anakula, anasali, shuleni wanamsifu. Viatu vyake ni namba vingt-huit, ishirini na nane, vilevile vya siku ile. Hajang'oka hata jino moja la utoto. Daktari anasema wengine huchelewa, tungoje. Picha haikuchapwa, wameifunga katika kitenge, iko juu ya kabati. Antoinette anataka kuukata ule mstari kwa wembe. Anaclet anamshika mikono: "Na kama bibi ndiye anatoka?" Wanagombana mpaka wanachoka.

Pasaka hii Antoinette aliifungua, nami nikiwepo. Msichana wa kwenye karatasi amerefuka. Gauni ambalo Anaclet alimchorea mpaka vifundoni sasa linaishia magotini. Hacheki tena. Nywele zake zimesukwa mistari minne, safi, na katika nyumba ile hakuna aliyegusa brashi tangu siku ile. Antoinette aliweka kidole juu ya uso ule, akaanza kulia bila sauti.

Gracieuse alikuja akasimama ubavuni mwangu, akaitazama picha.

"Tantine," akasema polepole, "mwanzo alikuwa analia sana. Sasa amezoea."