Mbao za Upenuni kwa Mwanapili

Likoni siku hiyo hapakuwa na pa kutia mguu. Feri ilikuwa imemwaga watu na magari, akina mama wa mahamri wakinadi, honi za mabasi ya Msambweni zikilia, na kila mtu akitaka apande yeye kwanza. Katika zahama hiyo mwanamume mmoja aliyebeba mbao ndefu begani akaitwa jina lake kutoka nyuma. Akageuka. Mbao nazo zikageuka pamoja naye, na ncha ya ubao mmoja ikanasa buibui la Mwanapili, ikalivua kichwani mbele ya kadamnasi.

“We! Huna macho?” Mwanapili akapiga ukelele.

“Ninayo, bibi. Lakini yote yako mbele.”

Mwanapili alikuwa na tusi tayari mdomoni, akalimeza. Jamaa alikuwa mrefu, kikoi chake cheupe kimefungwa vizuri, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi, na huku akilinasua lile buibui alikuwa ametazama kando ili asimwone kichwa wazi. Adabu hiyo ilimgusa. Na kusema kweli, hata angekuwa na sura ya kima, siku hiyo Mwanapili angemsemesha, maana alikuwa anatoka Mombasa kutafuta seremala na anarudi mikono mitupu. Mafundi wa mjini wakisikia habari ya kuvuka maji kwenda Ukunda, wote ghafla wana kazi nyingi.

“Wewe ni seremala?”

“Ndiyo kazi yangu. Naitwa Chande, wa Mwabungo.”

“Unaweza kunibadilishia mbao za upenuni? Zile za ukingo wa paa, chini ya bati. Zangu zimeliwa na mchwa, imebaki rangi tu.”

“Hiyo kazi ndogo.”

“Usinambie ndogo. Mimi nataka fundi, sitaki maneno. Maneno ya wanaume nilishapewa, yakanitosha maisha yangu yote.”

Chande alicheka, lakini neno hilo lilimwingia, na likaja kuleta balaa kama tutakavyoona.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe na chokaa, nyuma kidogo ya soko la Ukunda, na aliachiwa na mama yake. Mwanapili alirudi humo baada ya kupewa talaka, akaweka cherehani yake chumba cha mbele, akashona magauni na kanzu, akala kwa jasho lake bila kumwomba mtu ruhusa. Raha hiyo hakuwa tayari kuitoa kwa yeyote. Lakini mjomba wake, Mzee Suleiman wa Msambweni, alikuwa akiitolea macho nyumba ile, na kwa Wadigo wa miaka ile ya hamsini kauli ya mjomba haikuwa kitu cha mchezo. Alishasema: mwanamke peke yake hawezi kuitunza nyumba. Mvua ya masika ikiingia ndani, Mwanapili atahamia kwake Msambweni akapikie watoto, na nyumba itapangishwa.

Kwa hiyo Chande alipofika na ngazi, Mwanapili alimpokea kama mkombozi. Naye kwa kubomoa alikuwa hodari! Hadi adhuhuri mbao kuukuu zote zilikuwa chini, pande nne, na vichwa vya makombamoyo, ile miti inayobeba bati, vimechungulia nje kwa aibu.

“Kesho naleta mpya,” akasema, akaondoka.

Kesho! Wewe usiyepata kumwajiri fundi utalichukua neno hilo kama lilivyo. Mwanapili naye alilichukua hivyo, maskini. Kesho ikapita. Kesho ya pili ikapita. Kisha siku moja akasikia sauti mlangoni.

“Hodi, Bi Mwanapili!”

“Umekuja na mbao?”

“Nimekuja na kamba ya kupimia.”

“Si ulishapima!”

“Nilipima upande wa jua. Upande wa kivuli ubao hutanuka.”

“Chande, usinifanye mtoto.”

“Haki ya Mungu. Halafu mvule wenyewe bado mbichi. Nikiupigilia sasa utapinda, uje unilaani.”

“Nakulaani sasa hivi, sina haja ya kungoja upinde!”

“Basi nilaani huku unanimiminia kahawa.”

Akammiminia! Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alimmiminia, akamkalisha barazani, akacheka vichekesho vyake, na alipoondoka Mwanapili akajikuta yuko mbele ya kioo anajitazama. Siku aliyohisi kwamba Chande huenda akaja, mkono wenyewe ulikwenda kwenye leso mpya na asumini za nywele. Kisha jioni humkuta na asumini zake kichwani na nyumba yake imekaa wazi, hana mbao wala hana fundi.

Popo wakahamia darini. Wakaingia kwa raha zao chini ya bati, wakachafua vitambaa vya wateja. Mwanapili akachoka, akaenda kwa Mzee Kibwana, seremala wa hapo Ukunda, ambaye siku zile za kutafuta fundi alikuwa safarini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Kazi gani?”

Akamweleza. Mzee Kibwana akatikisa kichwa.

“Chande amekuachia kazi?”

“Ameniacha hoi, ndiyo.”

“Sivyo. Nauliza, amesema kwa mdomo wake kwamba haitaki tena?”

“Hasemi hivyo. Yeye anasema kesho.”

“Basi siwezi kuigusa. Kazi aliyoianza fundi mwenzangu siiwekei msumari mpaka yeye mwenyewe aitoe. Nikifanya hivyo, mafundi wenzangu nitawatazama kwa uso gani?”

“Na mimi, mzee? Mimi nitazamwe na popo?”

Mzee akacheka, lakini hakubadilika. Mwanapili akarudi nyumbani akipiga teke kila kifuu alichokikuta njiani. Na kana kwamba hayo hayatoshi, jirani yake Mishi akaja na habari zake.

“Fundi wako nimemwona Waa, shoga. Anapachika madirisha kwa mjane mmoja, mweupe huyo, kajaa manukato. Na kazi inakwenda mbio!”

“Wangu kwa lipi?” akajibu Mwanapili. Lakini usiku huo hakula, na wivu ulimchoma mpaka akajionea haya. Kwa mjane wa Waa kazi inakwenda mbio, kwake yeye ubao hutanuka kivulini!

Mvua ilipokuja ilikuja mchana kweupe, na upepo wa baharini nyuma yake. Iliingia chini ya bati pande zote, ikashuka ukutani, ikamwagikia meza ya kushonea. Gauni la hariri la bi arusi mmoja wa Diani, lililobaki kutiwa vifungo tu, likaloa chapachapa na kutoka mabaka. Mwanapili akasogeza cherehani huku, ikaloa. Akaisogeza kule, ikaloa. Mwisho akaifunika kwa leso yake mwenyewe, akakaa chini kwenye maji, akalia kwa sauti.

Habari zilifika Msambweni kabla ya nguo kukauka. Mzee Suleiman akatuma salamu kwa utingo wa basi: Ijumaa baada ya swala anakuja na lori kuchukua vyombo, na mpangaji ameshapatikana.

Alhamisi asubuhi Mwanapili alijifunga buibui lake, akashika njia ya Mwabungo. Kibanda cha Chande hakikumpa taabu kukipata, kwa mlio wa msumeno. Akaingia bila hodi. Na hapo ukutani, zimeegemezwa vizuri juu ya matofali zisiguse unyevu, akaziona mbao. Za mvule, ndefu, zimepigwa randa zikalainika, na ukingo wake wa chini umechongwa mawimbi madogo madogo kwa subira ya ajabu. Akazigusa. Zilikuwa kavu kabisa.

“Hizi za nani?”

Chande aliweka msumeno chini. Uso ulimparama.

“Zako.”

“Ziko tayari tangu lini?”

“Zamani kidogo.”

“Zamani! Mimi nalala na popo, gauni la watu limeharibika, kesho nahamishwa nyumba ya mama yangu, na mbao zangu ziko hapa zimestarehe! Nimekukosea nini, Chande? Ama ni yule mjane wa Waa?”

“Mjane gani? Bibi Mwanakombo? Yule ni shangazi yangu!”

“Basi ni nini? Sema!”

Chande akainamisha kichwa. “Ulinambia siku ile Likoni kwamba maneno ya wanaume yalikutosha. Nikasema, haya, huyu hataki kuposwa. Lakini nikija na kamba, ananipa kahawa. Sasa mbao zikishapanda, mimi nitakuja kwako kwa sababu gani? Mwanamume hawezi kuzoea nyumba ya mwanamke hivi hivi. Nikawa nachonga hayo mawimbi. Kila nikimaliza, naongeza.”

Mwanapili alisimama pale, moyo umeruka kwa furaha na mkono unamwasha kwa kutaka kumpiga. Alingoja aone ni lipi litashinda. Hasira ikashinda.

“Ulinipenda wewe, nikalowa mimi! Mdomo unao, mbona ulinitumia mvua?” Akamweleza yote: mjomba, mpangaji, lori la Ijumaa, na chumba cha uani kinachomngoja Msambweni. Chande alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo rangi ilivyomtoka.

“Sikujua habari ya mjomba. Wallahi sikujua.”

“Hukuuliza!”

Akatoka, hakuaga.

Ijumaa alfajiri alisikia ngazi ikigonga ukuta. Chande alikuwa ameleta mbao zote kwa mkokoteni, na siku hiyo hakuomba kahawa wala hakutoa kichekesho. Alipigilia upande wa mbele, akahamia wa kando, akaenda msikitini, akarudi mbio, akaendelea. Popo walikimbizwa, mianya ikazibwa. Mwanapili alimtazama dirishani, na badala ya kushukuru akazidi kupandwa na hamaki. Kumbe kazi ya siku moja! Siku moja tu, mitungi yote hiyo ya machozi!

Lori la Mzee Suleiman lilifika wakati msumari wa mwisho unaingia.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Naona umepata fundi.”

“Alikuwa amepotea. Amepatikana.”

Mzee akazunguka nyumba akitafuta kasoro, akagongagonga kwa bakora, asipate. Chande akashuka ngazi, shati limemganda mwilini kwa jasho, akamwamkia, akasema pale pale, “Mzee, mimi nataka kumposa Mwanapili.”

“Watu hawaposi na nyundo mkononi, bwana. Tuma wazee.”

“Nitawatuma. Lakini nimenyamaza sana, nikaleta hasara. Nataka mwenyewe asikie.”

Mzee Suleiman akatazama nyumba, akamtazama Chande, kisha akatabasamu mpaka magego yakaonekana. “Alhamdulillahi! Mambo yamekuwa mepesi kuliko nilivyodhani. Utamchukua kwenu Mwabungo, na humu aingie mpangaji wangu.”

Mwanapili ameiokoa nyumba na mvua, sasa aipoteze kwa harusi? Akamgeukia Chande.

“Jibu. Na leo sitaki kesho.”

Barabarani watu walikuwa wameshasimama kuangalia, na Mishi yuko mbele yao. Chande akajifuta uso.

“Mwanapili hahami, mzee. Nitahamia mimi.”

“Wewe? Mwanamume mzima, unakwenda kuolewa?”

Watu wakaangua kicheko. Siku hizo neno hilo lilitosha kumfanya mwanamume ahame kijiji. Masikio ya Chande yakawaka, lakini miguu haikusogea.

“Waambie Msambweni nzima,” akasema. “Chande ameolewa Ukunda.”

Hoja ya mwanamke peke yake ikawa imemponyoka; Mzee Suleiman akasonya, akapanda lori lake tupu, akaenda zake. Watu wakatawanyika wakichekelea, na wawili wale wakabaki chini ya ukingo wa paa.

“Na wewe?” akauliza Chande polepole. “Hujanijibu.”

“Nakupenda, Chande. Nimekupenda muda wote niliokuwa nikikutukana.” Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa ghadhabu. “Na hasira nazo ninazo, tele, wala haziishi leo. Ukiniposa mimi, unaziposa na hizo.”

“Nazichukua.”

“Basi katume wazee wako. Na Chande! Ukiwaambia waje Jumapili, waje Jumapili.”